Darubini Niliyoigeuza Bila Ruhusa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinipeleka hadi chini ya dishi, akainua kichwa, akaniuliza, "Unaona pale juu?"

Nikasema naona.

"Unaogopa?"

Nikasema siogopi. Nilidanganya. Dishi lile lilikuwa pana kuliko ua wa nyumba yetu kule Cheptiret, na upepo wa Uasin Gishu ulilifanya livume kama nyuki waliochokozwa. Mkuu aliniangalia kuanzia viatuni, akatikisa kichwa.

"Hii si kazi ya sketi."

"Basi niazime ovaroli, Mzee."

Alikuwa askari mstaafu wa mawasiliano, mtu wa maneno machache. Alikwenda ofisini, akarudi na ovaroli yake mwenyewe. Nilikunja mikono, nikakunja miguu, nikapanda. Kule juu fundi alinikabidhi ndoo ya grisi na kunionyesha gia za kuzungushia dishi. Nilizipaka zote. Niliposhuka nilikuwa mweusi hadi viwikoni, na Mkuu wa Kituo akasema, "Kesho saa moja asubuhi. Usichelewe." Hivyo ndivyo mimi, Cheptoo, binti wa mkulima wa mahindi na mwenye diploma ya elektroniki, nilivyoanza kazi.

Niieleze kazi yenyewe kwanza, maana nimechoka kuwasikia watu wa Yamumbi, ninakoishi sasa, wakisema kwamba Mama Cheptoo alilipwa miaka yote ile kwa kuangalia nyota. Sikuangalia nyota. Nilipokea habari za milipuko ya miali ya gama.

Miali ya gama ni mwanga, ila ni mwanga wenye nguvu kupita ule unaoonekana kwa macho, kupita hata eksirei ya hospitali. Mahali fulani mbali sana, nyota kubwa hujiporomokea yenyewe, au nyota mbili zilizokwisha kufa hugongana, na kwa muda mfupi hutoa miali hiyo kwa wingi wa kutisha. Huo ndio mlipuko. Mmoja unaweza kudumu dakika nzima, mwingine unakwisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Hewa ya dunia huizuia miali hiyo isitufikie, na tushukuru, maana bila hivyo tusingekuwa hapa tukibishana. Kwa hiyo anayetaka kuiona lazima apeleke darubini juu, nje ya hewa.

Darubini yetu ilizunguka dunia ikifuata ikweta. Nasema yetu kwa makusudi, ingawa waliokuwa na hati zake walikaa ng'ambo. Eldoret iko karibu sana na ikweta, na ndiyo sababu kituo kilijengwa huku, nje kidogo ya Cheptiret: kila mzunguko, darubini ilipita juu ya vichwa vyetu. Ilipopita tulikuwa na dakika chache za kuzungumza nayo. Ilitumwagia ilichokusanya, nasi tukaipa amri. Kipindi hicho tulikiita pasi.

Ilikuwa na macho mawili. La kwanza lilikuwa pana, lililoona sehemu kubwa ya anga kwa mara moja. Ndani yake kulikuwa na fuwele, aina ya jiwe angavu ambalo humeta kila linapopigwa na mwali wa gama, na chombo cha kuhesabu mimeto hiyo. Mbele ya fuwele kulikuwa na bamba la madini ya risasi lenye matundu. Mkitaka kuelewa kazi ya bamba hilo, ingieni katika ghala la mahindi la mbao saa tisa alasiri. Jua hupenya kati ya mbao na kuchora mistari sakafuni. Ukiitazama mistari hiyo unajua jua liko upande gani, hata kama hujatoka nje. Kivuli cha bamba juu ya fuwele kilituambia vivyo hivyo mlipuko ulitoka wapi. Lakini kilitupa upande tu, kama mtu anayekwambia, "Anakaa huko Langas." Langas ni mtaa mkubwa. Nyumba gani?

Kuipata nyumba ilikuwa kazi ya jicho la pili, darubini ya eksirei, iliyoona eneo dogo lakini kwa usahihi. Mlipuko ukizimika, mahali pake hubaki panang'aa kidogo, kama jiko ambalo moto umekufa lakini makaa bado ni mekundu. Sisi tuliuita mwanga huo makaa. Ili kuyaona, darubini nzima iligeuzwa kwa magurudumu mazito yaliyokuwa ndani yake, ikaelekezwa pale. Ukichelewa, utakuta majivu.

Nilikaa na grisi hadi siku Mkuu aliponihamishia chumba cha mapokezi, tulikokaa mbele ya skrini. Baadaye nilipelekwa ng'ambo, kwenye maabara walikotengenezea vigunduzi, yaani zile fuwele na vyombo vyake vya kuhesabia. Msimamizi wa Maabara, mama mnene aliyevaa kandambili hata wakati wa baridi, alinifundisha kupima fuwele kwa kipande kidogo cha madini yanayotoa miali ambayo nguvu yake inajulikana. Ukijua kilichoingia, unaweza kuamini kilichosomwa. Alipoona navumilia kurudia kipimo kimoja kutwa nzima, aliniambia, "Kigunduzi ambacho hujakipima mwenyewe, usikiapie." Nilirudi nyumbani na shahada na cheo cha Msimamizi wa Zamu. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa amestaafu. Nilimkuta Mkuu wa Kituo wa pili.

Sitaki kumsema vibaya. Alikuwa mpole, alijua kazi, alitutetea tupate bima ya matibabu. Lakini aliogopa simu za makao makuu ya Nairobi kuliko radi.

Wakati wake gurudumu moja la darubini likakwama. Hapo mwanzo darubini ilijigeuza yenyewe mara tu jicho pana lilipoona mlipuko. Baada ya gurudumu kukwama, wenyewe wa ng'ambo walizima uwezo huo. Walihofu kwamba ikigeuka vibaya itapoteza mizani na kuanza kupinduka ovyo, au itatazama jua na kuunguza jicho la pili. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Kuanzia hapo kila mgeuko ulisubiri ruhusa ya kamati ya ng'ambo. Na kama mawasiliano na ng'ambo yamekatika, sisi tulikuwa na amri zilizokwisha kuidhinishwa ambazo tungeweza kuzituma wenyewe, mradi Mkuu wa Kituo aseme ndiyo.

Milipuko mirefu ilituvumilia. Ile mifupi, inayotokana na nyota mbili kugongana, haikutuvumilia, kwa kuwa makaa yake hupoa haraka. Mara mbili nilikaa pale nikiwa na upande wa mlipuko mfupi mkononi, kamati ikijadiliana. Mara mbili ruhusa ilipokuja tuligeuza darubini tukatazama giza. Mara ya pili nilitoka nje nikasimama kando ya dishi, nikalia kwa hasira. Mambo hayo hayajirudii, vijana. Nyota zile mbili zilizunguka pamoja muda usioweza kuutamka, zikagongana mara moja tu, na sisi tukakosa kwa sababu watu walikuwa bado wanachagua maneno ya barua pepe.

Basi siku ikafika. Ilikuwa alasiri, na mvua ya mawe ilipiga bati la kituo hadi tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti. Mchana huo tingatinga la wajenzi wa barabara lilikuwa limeukata waya wetu wa mawasiliano pale karibu na soko, na ruhusa ya kamati haikukubalika kwa njia nyingine. Mkuu wa Kituo alikuwa Nairobi mkutanoni. Zamuni tulikuwa mimi na Mwangi, mtumaji amri, kijana wa Langas ambaye baba yake alitoka Murang'a zamani akafungua duka la rejareja.

Pasi ilipoanza, Mwangi akaniita. "Cheptoo, hebu kuja. Hii si kelele."

Kwenye skrini, hesabu za mimeto zilikuwa zimetulia kama shamba lililolimwa, kisha ghafla zilisimama wima kama msumari, kisha zikatulia tena. Mlipuko mfupi, uliotokea muda mchache kabla darubini haijatufikia. Tulikagua kama ni jua limerusha cheche. Jua lilikuwa shwari. Tulikagua kama fuwele moja imeharibika. Zote zilikuwa zimeona. Kivuli cha bamba kilitupa upande wa anga.

Nilimpigia Mkuu wa Kituo. Alitoka mkutanoni, nikasikia mlango ukifungwa nyuma yake.

"Tumepata mfupi, Mkuu. Nataka tugeuze pasi ijayo."

"Kamati imesema nini?"

"Hatuwapati. Tingatinga limekata waya. Sheria inasema ukikubali wewe inatosha."

Nilisikia viatu vyake vikienda na kurudi ukumbini.

"Usiguse kitu, Cheptoo. Ngoja waya urudi."

"Hautarudi leo."

"Basi ngoja kesho."

"Kesho ni majivu, Mkuu."

"Nimesema usiguse." Akakata.

Pasi iliyofuata ilikuwa baada ya saa moja na nusu. Nilimweleza Mwangi alichosema Mkuu, halafu nikamwambia tupige hesabu za mgeuko. Akanitazama.

"Za nini, na amekataa?"

"Piga tu."

Tulipiga kila mtu peke yake, bila kuchunguliana: pembe kutoka kwenye jua, mzigo utakaobebwa na magurudumu mazima, njia ya kugeukia isiyokaribia hatari. Tulipolinganisha majibu yetu, yalikubaliana. Jua lilikuwa mbali. Magurudumu yangeweza, ingawa bila akiba kubwa. Sikusema haiwezi kuharibika. Nilisema inaweza kufanyika.

"Cheptoo," Mwangi akasema, "kitu ikienda mrama hapa, mimi ndio nitarudi kuuza unga kwa duka ya mzee. Na wewe uko na watoto shule."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa toka kwa hicho kiti. Ukiulizwa, sema nilikufukuza."

"Siwezi sema hivyo."

"Utasema, kwa sababu ni kweli. Nakufukuza."

Alitoka kwenye kiti, lakini chumbani hakutoka. Alisimama nyuma yangu. Pasi ilipoanza nilituma amri. Darubini ikajibu kwamba imepokea, ikaanza kugeuka, kisha ikazama upande wa mashariki kabla hatujaona kama imefika. Tulibaki na skrini tupu na maji ya mvua yakidondoka kwenye mifereji. Saa moja na nusu nyingine. Mwangi alichemsha chai na hakuna aliyeinywa.

Iliporudi, jua lilikuwa linatua nyuma ya mashamba ya ngano. Darubini ilikuwa imetulia, mizani yake salama. Ikatumwagia picha ya eksirei, na pale katikati, karibu na mahali ambapo kivuli kilituelekeza, kulikuwa na nukta ambayo haikuwemo katika ramani yoyote. Makaa. Bado mekundu.

Mwangi alipiga ukelele uliowaleta walinzi mbio. Nilimwambia aache kelele, atafute bando la intaneti. Tulituma vipimo vya mahali pale kwa simu yake, kwa watazamaji wa darubini kubwa za milimani kule ng'ambo, wale ambao kwao usiku ulikuwa unaingia. Asubuhi majibu yalifika. Walikuwa wameipata nukta yetu, wakaikuta ukingoni mwa kundi la nyota la mbali, wakapima umbali wake. Mwanga ule ulianza safari kabla Bonde la Kerio halijachimbika. Nilisoma majibu hayo nimesimama uani nyumbani, nikacheka peke yangu hadi mume wangu Barnaba akatoka nje kuuliza kulikoni.

Siku chache baadaye Naibu Mkurugenzi wetu akaja kutoka makao makuu Nairobi. Kikao kilifanyika katika chumba cha chakula. Mkuu wa Kituo alikaa pembeni yake, macho mezani.

"Mama," Naibu Mkurugenzi akaanza, "ulijua umekatazwa?"

"Nilijua."

"Na chombo kingepotea?"

"Ningesema nimekipoteza mimi."

"Ungekilipa?"

"Hakilipiki. Na mlipuko ule pia haulipiki. Ile miwili ya kwanza tuliyoikosa kwa kungoja, nani aliitwa kikaoni?"

Alivua miwani, akaifuta. Hakuwa mtu mbaya naye. "Sikiliza. Matokeo ni mazuri, kila mtu anafurahi. Hakuna anayetaka kukufukuza. Sema tu hapa, mbele yetu, kwamba ulikosa, unaomba msamaha, na haya yaishe. Urudi kwa kiti chako."

Vijana, mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Neno moja. Nilikuwa na karo za watoto, na nilikuwa na Mwangi wa kumlinda. Lakini ningeomba msamaha, ningekuwa nimesema kwamba wakati ujao, yeyote atakayekaa pale, aache makaa yapoe.

"Siombi," nikasema. "Nipeni adhabu. Adhabu nitaipokea."

Wakanipa. Nilivuliwa usimamizi wa zamu, nikarudishwa kwenye kikosi cha dishi. Grisi. Ovaroli safari hii ilikuwa yangu.

Kanisani walinishauri ninyenyekee. Mwenyekiti wa kina mama alinishika mkono akasema kiburi humtangulia mtu shimoni. Mwangi alikuja nyumbani akisema anaacha kazi kwa aibu, nikamkaripia: ukitoka, nani atabaki mle ndani anayejua kupiga zile hesabu? Barnaba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Langas, aliuza ng'ombe mmoja, karo ikalipwa. Mama yangu ndiye aliyenielewa kuliko wote, naye hakuwahi kukanyaga chumba cha mapokezi. "Hata ng'ombe," alisema, "ukimpiga bure anazuia maziwa. Watakuja na maneno mazuri. Wewe kaa."

Nikakaa. Kila asubuhi nilipanda dishi, kiangazi na masika, baridi ya Julai ikinikata vidole. Niliwafundisha vijana wa kikosi kwamba gia isiyopakwa vizuri hulegeza dishi, dishi likilegea pasi inapotea, na pasi ikipotea huenda ndiyo iliyobeba mlipuko. Hakuna aliyenisikia nikilalamika, ingawa kuna siku nilifika juu kabisa nikaona haya kwa watu niliosoma nao waliokuwa wakipita barabarani na magari yao.

Muda ukapita, waraka ukaja kutoka ng'ambo. Ulisema mawasiliano yakikatika, Msimamizi wa Zamu ana uhuru wa kuigeuza darubini, mradi watu wawili wapige hesabu ya jua kila mmoja peke yake na majibu yakubaliane. Yale yale. Jina langu halikutajwa, na sikulitafuta. Mkuu wa Kituo wa pili aliusoma mbele ya wafanyakazi wote kwa sauti ya chini, kisha akaubandika ukutani. Mwaka uliofuata alihamishwa, akaja wa tatu, mwanamke niliyemzidi umri. Wiki yake ya kwanza alikuja chini ya dishi akaita.

"Mama Cheptoo! Shuka. Kiti cha zamu kiko wazi."

"Nitashuka nikimaliza gia hii," nikamjibu.

Alingoja. Alingoja kwa viatu vyake vizuri ndani ya matope mpaka nikamaliza. Nikajua tutaelewana.

Nilikalia kiti hicho hadi mwisho. Katika zamu zangu tuliigeuza darubini bila kungoja mtu, na mara nyingine tulikuta makaa, na mara nyingine tulikuta giza, na giza lile halikuniuma, kwa sababu tulikuwa tumekwenda kutazama. Mwishowe darubini yenyewe ilizeeka. Hewa nyembamba ya juu iliivuta kidogo kidogo, na pasi zikawa fupi. Katika pasi ya mwisho Mwangi, ambaye sasa alikuwa na mvi, alinipa nafasi ya kutuma amri ya kuzima vyombo. Nikakataa. Nikamwambia ikianguka, ianguke macho wazi. Mwezi huohuo nikastaafu.

Sasa niko Yamumbi, nafuga kuku na kutoa mafunzo ya fizikia kwa wasichana wa sekondari siku za Jumamosi. Huniuliza kama inafaa kuingia kazi ambayo majirani hawaielewi. Nawajibu kama nilivyomjibu mzee mmoja wa kanisa, aliyeniuliza mbele ya watu milipuko yangu ilisaidia nini, kama bei ya mahindi ilipanda. Nilimwuliza, "Mzee, siku mkimbiaji wetu aliporudi na medali tukajaza barabara kumpokea, mahindi yalipanda bei?" Mimi mwenyewe sina jibu zaidi ya hilo, na sioni kwa nini nilitafute. Kuna mambo binadamu anayafanya kwa sababu anaweza, na kwa sababu asipoyafanya anabaki mdogo kuliko alivyoumbwa.

Mwezi uliopita nilipata mgeni. Yule Naibu Mkurugenzi, naye amestaafu, amenunua shamba upande wa huku. Alikuja kwa fimbo, pumzi juu juu. Nilimkaribisha, nikamwekea mursik, maziwa yetu ya mgando, na mayai ya kuchemsha. Tukazungumza juu ya wajukuu, juu ya magoti, juu ya ukame. Alipomaliza kikombe cha pili akanitazama.

"Mama Cheptoo, nimefikiria siku ile mara nyingi. Ulikuwa sawa kuigeuza. Mimi mwenyewe nilijua, hata nikiwa pale mezani."

"Asante kwa kusema, Mzee."

"Lakini ungetusaidia pia. Ungesema tu pole. Hata leo, tumezeeka hivi, huwezi kuniambia pole?"

Nikamwongezea mursik.

"Pole ya safari nakupa, Mzee, najua barabara ni mbaya," nikamwambia. "Ile nyingine, hapana."